Nyumba ya Milango Mitano

Watu wa mjini wakinisikia nikisema kwamba nyumba moja iligombanisha kijiji kizima, hucheka. Wanadhani natia chumvi. Kwao nyumba ni nyumba tu: unapanga chumba, unalipa kodi, unahama. Mimi mwenyewe nimehama hivyo mara nyingi kupita kiasi, na hata sasa nilivyozeeka bado sijui kutulia mahali. Nikikaa kidogo naanza kuyatazama masufuria yangu na kujiuliza yataenea kwenye sanduku gani. Basi ngoja niieleze habari hii yote kwa mara moja, maana nimechoka kuchekwa.

Kwetu Muleba nyumba haikuwa nyumba bila kibanja. Kibanja ni shamba la migomba na mibuni. Nyumba imekaa katikati, mlango wa mbele ni mmoja na unatazama njia, na pembeni chini ya migomba wamelala wenye nyumba waliotangulia. Familia moja, kibanja kimoja. Paa la jirani yako hulioni, unaona moshi wake tu ukipanda asubuhi, na hapo unajua wameamka salama. Migomba ikiisha inaanza rweya, ule uwanda wa nyasi, na huko hakuna anayejenga wala anayezika.

Na kuna jambo ambalo mgeni lazima alijue mapema: kwetu kaburi ndilo hati. Mtu akizikwa kibanjani, watoto wake wana neno pale. Wazee wakikutana kuamua ugomvi wa mpaka, huulizana kwanza ni nani amelala wapi. Ndiyo maana mgeni angeweza kulishwa, kulazwa, kupewa hata mgomba wa kujitunzia, lakini asizikwe kwako. Akifa, watu wake watafutwe waje kumchukua.

Mimi sikuzaliwa katika kibanja. Baba alikuwa na kazi katika kiwanda cha kahawa Bukoba mjini, nasi tulipanga Hamugembe, katika nyumba ndefu ya udongo yenye vyumba vya mstari mmoja, kila chumba na mlango wake. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja kututembelea mara moja akitokea Muleba. Alisimama nje na fimbo yake, akaitazama ile milango, akakataa kuingia. Alisema hakuelewa watu wenye akili wanawezaje kulala wamepangwa kama magunia ghalani. Mama alimtolea kigoda nje, akanywa chai yake juani, akaondoka.

Chumba cha pili yetu aliishi mwanamke mshonaji. Sisi watoto tulimwita Jirani, na jina hilo halikumtoka tena. Kwao ni Nyanga, si mbali na pale. Alikuwa ameolewa, mumewe akaleta mke mwingine na kumwambia huyu atafute pa kwenda. Alirudi kwao akakuta kaka zake wameshagawana kibanja cha baba yao, na mwanamke hagawiwi. Basi akapanga chumba, akanunua cherehani, akaanza maisha. Alikuwa mcheshi, haki ya Mungu. Yeye na mama waligongeana ukuta kwa mwiko kila asubuhi. Mama anagonga, Jirani anajibu, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Siku Jirani akichelewa kujibu, mama alikuwa anatoka na kanga yake kwenda kumwangalia.

Kisha vita vikaja. Sina mengi ya kusema juu ya vita, wapo waliopigana, waseme wao. Ninachokumbuka ni ndege, na mahandaki yaliyochimbwa migombani, na mama aliyekuwa na mimba kubwa akishindwa kuingia handakini bila kusukumwa. Mabomu yalipoanguka karibu na mji, watu walishika barabara ya kusini kwa miguu. Baba alikuwa amezuiliwa kiwandani. Mama, mimi na Jirani tukaondoka na umati. Jirani alikuwa amejitwisha cherehani, kile kichwa chake cha chuma, amekifunga katika kitenge.

Tulipokuwa tumeshatembea sana, mama akashikwa na uchungu. Alijifungulia migombani kwa watu tusiowajua, na Jirani ndiye aliyempokea mtoto. Alikuwa msichana, mdogo wangu. Asubuhi mama aliweza kutembea kwa shida, lakini hakuweza kubeba kitu, na mimi miguu ilikuwa imevimba sitaki hata kuikanyagia. Jirani alitutazama wote watatu. Akaliingiza lile cherehani kichakani, akalifunika majani, akafungua kile kitenge, akamfunga mtoto kifuani na mimi akanibeba mgongoni. Vita vilipokwisha alikwenda kulitafuta akakuta kichaka kimefyekwa. Alirudi akicheka, eti cherehani limepata mume.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mama hakuwa mtu wa methali, lakini hiyo aliisema hadi nikaichoka.

Vita viliisha, tukarudi Hamugembe, Jirani akaanza tena kushonea cherehani la kuazima. Kisha ukaja ule ugonjwa wa kukonda. Mwanzoni uliitwa kwa jina la kitambaa, maana watu waliuona kwanza kwa waliokuwa wakivuka mpaka kufanya biashara, na wanawake wao walivaa kitambaa kile. Tulicheka. Baadaye hakuna aliyecheka. Baba alipougua mama alimrudisha Muleba, kwenye kibanja chake alichogawiwa na baba yake, kwa sababu mtu hasubiri kufa katika chumba cha kupanga. Alizikwa chini ya migomba, kando ya babu. Mwaka haujaisha akafuata baba mdogo, katika kibanja kinachopakana na chetu, akaacha mke na watoto wadogo. Kisha nyumba ya tatu, ya binamu yao, ikabaki na bibi kizee na wajukuu tu. Ungetazama asubuhi kuhesabu moshi, ungeona umepungua.

Jirani alikuja wakati wa ugonjwa wa baba, ana binti yake mdogo aliyempata baada ya vita. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alilichukua siku ile ile aliyofika. Baba alipokufa hakurudi mjini, wala mama hakumwambia arudi.

Mama alikuwa na mbio za ajabu siku zile. Asubuhi uji kwa mama mdogo, yule mjane wa baba mdogo, aliyekuwa ameanza kukohoa. Mchana kwa bibi kizee kuchota maji. Jioni migombani kwake. Siku moja alirudi amelowa, ameshika kibuyu kitupu, ameteleza na kumwaga uji wote njiani, na mgonjwa ameshinda na njaa. Alikaa kizingitini akasema hawezi tena. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Angejenga nyumba moja ndefu katika kibanja chetu, yenye milango mitano, kila mama na watoto wake mlango wao, jiko moja nyuma, na mtu akikohoa asikike. Mabati yangetoka kwenye zile nyumba tatu zitakazohamwa.

Mimi nilifurahi. Jirani alicheka, akasema tumetoka Hamugembe, na sasa Hamugembe inatufuata. Lakini habari ilipofika kwa baba mkubwa, kikaitishwa kikao.

Walikuja watu wengi kuliko waliokuja kumpa mama pole. Walikaa uani kwetu juu ya nyasi tulizotandika, mimi nikapitisha kahawa ya kutafuna kama desturi, na kila aliyechukua punje alizitafuna akiwa na hoja mdomoni. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyeanza. Shida yake ilikuwa hesabu. Je, nyumba yenye milango mitano ni nyumba moja au tano? Kama ni tano, basi yeye atakuwa na nyumba zaidi ya kumi. Kama ni moja, sukari ya mgao ikija watapewa ya nyumba moja, na wasije kulalamika. Jambo hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu na kwa dhati kabisa, na hakuna aliyeona kichekesho isipokuwa mimi na Jirani.

Mwingine akasema nyumba ya milango mingi ni ya mjini, na wote tunajua ni wanawake gani wanaokaa milango ya namna ile. Mwingine akasema watoto watakosa adabu, maana mtoto lazima ajue amri ya nyumba moja. Mwingine alitaka kujua choo kitachimbwa upande gani. Kuna aliyesema ugonjwa utapita ukutani. Kuna aliyesema kung'oa bati la marehemu ni kumwua mara ya pili. Mama akajibu kila mmoja kwa zamu yake, kwa upole ambao sijui aliutoa wapi. Alisema hata wale Wahindi wenye maduka kule Bukoba walikaa ndugu kwa ndugu chini ya paa moja, duka mbele na familia nyuma, na hakuna aliyeona ubaya. Watu wakaguna. Mimi nilikuwa nakwenda na kurudi na sahani ya kahawa, siwezi kukaa kwa hasira. Watu hawa hawakuwa wamemletea mama mkungu hata mmoja wa ndizi. Leo wote wanajua nyumba inajengwaje.

Baba mkubwa hakuwa amesema kitu. Sitaki mmwone mbaya. Alikuwa amezika wadogo zake wawili, mama hakuwa na mtoto wa kiume, wanawe mwenyewe walikuwa mbali, na alijua kwamba yeye akifumba macho vibanja vya baba yake vitabaki mikononi mwa wajane na watoto wa kike. Alikuwa na hofu, na hofu ya mzee huonekana kama ukali. Aliisubiri kelele ipungue, akasema:

"Kuishi pamoja si neno. Mimi nauliza moja tu. Wakifa, watalala katika kibanja cha nani?"

Kila mtu alijua ni nani anayesemwa. Mama mdogo angelala kando ya mumewe, bibi kizee kwao, sisi kwetu. Aliyebaki ni mmoja, na alikuwa amekaa pale pale karibu na mlango akimenya ndizi. Hakuinua kichwa. Kisu kiliendelea kwenda.

Mama akaomba sahani ya kahawa. Alichukua tunda moja kavu, akalipasua kwa meno, zikatoka punje mbili. Haikuwa kile kiapo cha damu cha wazee wa zamani, lakini kila mtu alielewa kwamba ni kiapo. Punje moja akaiweka kwenye kiganja cha shemeji yake.

"Hatazikwa mtu asiye wa ukoo katika kibanja hiki," alisema. "Nikilivunja neno hili, mnitoe mimi."

Akatafuna. Baba mkubwa naye akatafuna. Kikao kikaisha, watu wakaanza kuulizana habari za mvua.

Nilimfuata mama jikoni nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia amemuuza mtu aliyenibeba mgongoni, tena mbele yake, kwa punje ya kahawa. Jirani ndiye aliyenijibu, huku akiingia na karai la ndizi. Alisema niache kelele, yeye anatafuta pa kulala akiwa hai, mengine Mungu anajua.

Nyumba ilisimama kabla ya masika. Kuta za miti na udongo, paa la mabati ya nyumba tatu: mengine mekundu kwa kutu, mengine yanang'aa, mengine yana matundu ya misumari ya zamani tuliyoyaziba kwa lami. Mlango wa kwanza wetu, wa pili Jirani na binti yake, wa tatu mama mdogo, wa nne bibi kizee na wajukuu, wa tano tulitaka kumpangisha mwalimu, lakini wakaja yatima wengine ukajaa.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa raha. Hapakuwa na siri. Ukigombana na mdogo wako, milango yote mitano inatoa hukumu. Watoto walilia kwa kupokezana, bibi kizee alisali kwa sauti kubwa kwa sababu alikuwa kiziwi, kuni ziliibwa kati ya mlango na mlango na kila mtu akaapa si yeye. Mimi nilikuwa nikitoroka kwenda kukaa rweyani peke yangu ili nisikie upepo tu, na nikifika huko nasikia wasiwasi nakimbia kurudi. Lakini mgonjwa akiita, mtu alikuwa anafika. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, tulikaa wote uani tukinyonyoa mabawa na Jirani akituigiza wajumbe wa kikao mmoja mmoja, hadi balozi na nyumba zake kumi na ushei. Na kila asubuhi nilisikia mwiko ukutani, mama anagonga, Jirani anajibu.

Kisha Jirani akaanza kupungua. Alipunguza nguo zake mwenyewe, mshono mmoja baada ya mwingine, akisema mafundi wengine wangemlipisha.

Siku moja aliniomba nimsindikize kwao Nyanga. Tulipanda Landrova la abiria hadi Bukoba, tukatembea taratibu, tunapumzika kila penye kivuli. Kaka yake alitupokea vizuri mno. Alitupa kahawa, akaamuru kuku akamatwe, akamwuliza hali mara mbili tatu. Jirani alipolitaja lililomleta, kaka aliweka kikombe chini akasema:

"Kibanja kimejaa, dada. Tumebaki na mahali petu tu."

Kibanja kilikuwa mbele yetu, migomba hadi macho yanapoishia. Niliinuka nikataka kusema, Jirani akanishika kitenge nikakaa. Tulimla yule kuku. Njiani aliniambia, kwa ile sauti yake ya utani, kwamba kodi ya chumba amelipa maisha yake yote, kumbe hata kaburi la kupanga hakuna. Nilicheka, kisha nikalia barabarani watu wakinitazama, naye akanifuta kwa kitambaa chake cha kichwa. Palipobaki ni makaburi ya mji, wanakozikwa wasio na mtu. Aliniomba nisimwambie mama.

Nilimwambia. Nilimwambia kabla sijaosha hata miguu. Kwa siku kadhaa mama alikuwa akienda kwenye kaburi la baba, anakaa, anarudi. Mahali pa mke ni kando ya mumewe, na upande wa kushoto wa baba palikuwa pameachwa wazi kwa ajili yake. Nilidhani anakwenda kuomba ushauri.

Jirani alikufa asubuhi ya mvua. Mama aligonga ukuta na hakujibiwa.

Watu walikuja, na baba mkubwa alikuja, na safari hii aliingia ndani ya mlango ule bila kusimama. Alipiga magoti penye maiti, akasali. Kisha akatoka uani na kuzungumza kwa upole. Alisema vijana wa ukoo watatafuta gari, watamsindikiza marehemu hadi Bukoba kwa heshima zote, na yeye mwenyewe atakwenda. Alisema ahadi ni deni, mke wa ndugu yangu, nawe unalijua.

Mama alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na jembe. Alipita katikati ya watu, akafika kwenye kaburi la baba, upande wa kushoto, akaanza kuchimba.

Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Watu walishika vichwa. Wanawake walisimama wamegandamana, hakuna aliyejua kama alie au akimbie. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua, ukimnasa miguuni. Mama mdogo, aliyekuwa hawezi hata kubeba ndoo, akachukua jembe la pili. Mimi nikafuata kwa mikono mitupu, na binti yake Jirani akaja akashika nguo yangu. Sijui tulichimba kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba baba mkubwa aliyaangalia yote yale, fimbo ikiwa imezama udongoni, kisha akawaambia vijana, "Wapokeeni."

Wakatupokea. Katekista akasoma sala. Jirani akazikwa kando ya baba yangu, mahali pa mama yangu.

Nilidhani yamekwisha. Watu walikuwa wakinawa mikono, ndizi ziko motoni, hata balozi alikuwa ameanza kupumua. Mama akatoka mlango wa kwanza amejitwisha kikapu, mkeka umefungwa juu yake, mdogo wangu amemshika mkono. Baba mkubwa alimfuata hadi kwenye njia. Nilikuwa karibu, niliyasikia yote. Alimwambia arudi ndani. Alisema hakuna aliyemfukuza, na kwamba yeye kama mkubwa wa ukoo amemsamehe.

"Usinisamehe," mama alisema. "Ukinisamehe, kaburi lile litakuwa la huruma yako, na huruma mtu anaweza kuichukua kesho. Nikiondoka, nimelilipia. Ni lake."

Mama akaongeza kwamba walikubaliana atoke yeye, hawakuzungumza habari ya nyumba. Nyumba ibaki, na milango yake, na watoto waliomo. Kisha akashika njia. Mimi nikaingia nikachukua nguo zangu, nikamkuta rweyani, nikamwuliza kwa ukali anatupeleka wapi sasa. Alisema tutembee kwanza.

Tulirudi Hamugembe, chumba kimoja, mstari ule ule. Binti yake Jirani alibaki Muleba na mama mdogo, na mama mdogo alipokufa alibaki na wale wadogo, yeye ndiye mkubwa wao. Mama hakukanyaga tena kibanjani. Kila wiki gari la kutoka Muleba lilishusha mkungu wa ndizi, utingo akisema umetoka kwa mzee. Mzee mwenyewe hakuja hata siku moja, na mama hakuacha hata siku moja kuuliza kama mkungu umefika. Asubuhi nyingine alisahau, akachukua mwiko akagonga ukuta. Upande wa pili alikaa kijana fundi wa baiskeli. Alikuwa anajibu kwa kuuliza kuna nini, na mama anamwambia hakuna kitu, baba, lala.

Mimi nilihama. Mwanza, Biharamulo, Mwanza tena. Kila nilipopanga chumba niliona kimekosa kitu, mara mwanga, mara maji, mara majirani wamepoa mno. Ningekuwa mkweli ningesema nilikuwa na hofu moja tu, na niliibeba kila mahali: mama amekwisha kutoa mahali pake, je, yeye atalala wapi? Sikuwahi kumwuliza. Baba mkubwa alipokufa hofu ilizidi, maana wanawe walikuwa mbali, hatukuwa na ndugu wa kiume, na ahadi ilikuwa bado ni ahadi.

Mama alipofariki nilikuwa nimerudi Hamugembe kumwuguza. Mdogo wangu na mimi tulikaa kitandani kwake tukizungumza habari za makaburi ya mji, kama watu wazima, bila kulia. Nilikuwa nimeshavaa viatu kwenda kuulizia. Gari likasimama nje. Akashuka mwanamke mwenye kitenge, na nyuma yake vijana wengi, na ilinichukua muda kuwatambua. Walikuwa watoto wa ile milango mitano. Aliyewaongoza alikuwa binti yake Jirani.

Alisema wamekuja kumchukua mama. Nilimwambia, kwa hasira isiyokuwa yake, kwamba hajui lililosemwa, mama alitolewa, hana pa kuzikwa kule. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Mama yangu amelala pale," alisema. "Kwa hiyo nina neno pale. Nasema arudi."

Yaani lile lile walilolihofia kwenye kikao, mtoto wa mgeni kusimama juu ya kaburi na kudai haki. Na ndiyo aliyokuwa anadai.

Tulifika jioni. Nyumba ilikuwa imekaa vile vile, paa lake la mabati ya kuokoteza, moshi unatoka. Nilikwenda moja kwa moja migombani. Baba, na kushoto kwake Jirani, na kushoto kwa Jirani palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, safi, haina jani, imetandikwa nyasi kavu. Niliuliza ni lini wamepatayarisha, maana habari wamezipata kwa utingo asubuhi ile ile.

Binti yake Jirani alisema hawakupatayarisha. Walikuwa wakipapalilia tangu siku tuliyoondoka. Mwanzoni alikuwa akipapalilia baba mkubwa mwenyewe, kila Jumamosi, na alipoishiwa nguvu akampa yeye jembe.